Mbuzi Walionyimwa Giza

Balbu ilikuwa moto, na mimi nilikuwa nimechoka kuogopa.

Nilivua kitambaa cha kichwa, nikakikunja mara mbili, nikapindua ndoo ya kukamulia na kupanda juu yake. Muthoni alikuwa mgongoni, amelala. Bwana Gichuki, meneja wetu, alikuwa amesimama mlangoni mwa banda na gambuti zake safi, akisema maneno ambayo watu walikuwa wameyasema nyuma yangu kwa miezi mingi. Yeye alikuwa wa kwanza kuyasema mbele ya uso wangu.

"Mama Muthoni, sikia vile nakwambia. Kutoka leo hautaingia hapa na hiyo mtoto. Unanyonyesha mbele ya mbuzi, mbuzi wanafunga tumbo, hawashiki mimba. Kila mtu anajua, ni wewe tu unajifanya haujui."

"Kila mtu ni nani?"

"Kila mtu."

Nikazungusha balbu mpaka ikatoka. Nikashuka, nikamwekea mkononi bila kitambaa.

"Kamata. Mchawi wako ndio huyu."

Alipiga kelele akaiachilia, ikapasuka kwenye saruji. Mbuzi kumi na wawili wakanyamaza wote kwa pamoja, wakatuangalia. Na mimi, nawaambia ukweli, nilirudi nikakaa juu ya ile ndoo.

Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Wengine hustaafu na nywele nyeupe, wakapewa saa ya ukutani na soda. Mimi nilistaafu nikiwa na miaka ishirini na minane, mtoto hajaacha ziwa, baada ya miaka tisa ya mbuzi wa maziwa kwenye shamba moja karibu na Karatina. Nawaandikia nyinyi wasichana mnaomaliza kidato cha nne sasa, kwa sababu najua mtakwenda kutafuta kazi mashambani kama nilivyokwenda, na hakuna atakayewaambia mambo haya. Mkinisoma mkaona nina hasira, hamjakosea.

Niliingia pale sijui mbuzi. Kwetu tulikuwa nao wawili wa kienyeji, wanajilisha, wanajizalia, hakuna anayewauliza kitu. Wale wa shamba walikuwa wengine kabisa: weupe na hudhurungi, masikio yamesimama, wazazi wao waliletwa na ndege kutoka Ulaya. Mmoja alikuwa anatoa maziwa kuliko ng'ombe wa jirani yetu. Lakini mbuzi asipozaa hatoi maziwa, na hazai asipopandwa, na hapandwi mpaka atake mwenyewe. Siku zenyewe ni mbili, wakati mwingine moja. Ukizikosa, unangoja wiki tatu. Kazi yangu ilikuwa kutozikosa.

Aliyenifundisha ni Bi Zena, mama wa Kiislamu kutoka Majengo, Nyeri mjini, ambaye babake alikuwa mchinjaji na nyanya yake alikuwa wa kabila ambalo hata yeye hakulijua. Kiswahili chake kilikuwa kinateleza kama siagi, akinisikia nasema "mbuzi yangu iko na njaa" anajishika kichwa.

"Mwanangu, mbuzi wako ana njaa. Na hana njaa, hebu mtazame. Anataka mume."

"Umejuaje?"

"Mkia. Mbuzi husema kwa mkia kabla hajasema kwa mdomo. Ukisubiri apige kelele umechelewa, umekuwa kama baba wa bibi harusi, wa mwisho kuambiwa."

Alinionyesha pa kuangalia: mkia unaotikisika haraka kama unafukuza nzi ambaye hayuko, ute chini ya mkia, maziwa yanayopungua asubuhi moja bila sababu. Akanionyesha pia kitambaa cha beberu. Unachukua kitambaa kikuukuu, unamsugua beberu nyuma ya pembe, mahali ambapo uvundo wake unatoka, unakitia kwenye kopo lenye kifuniko cha kukaza. Asubuhi unapita banda zima ukifungua kopo mbele ya kila pua. Asiyetaka anageuza uso. Anayetaka anataka kuingia ndani ya kopo na pembe zake. Hakuna mashine inayoshinda hilo kopo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kopo hilo hilo. Nililiacha wazi chumba cha maziwa mchana kutwa. Maziwa hunywa harufu kama kitambaa kinywavyo maji. Kesho yake mwenye hoteli mmoja wa mjini alirudisha debe zima na ujumbe wa mdomo: "Ambieni huyo msichana wateja wangu wanakunywa chai, hawaolewi." Bi Zena alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi ya nepia. Hakunisema kwa wakubwa. Alinunua daftari la shule, akanipa.

"Wewe umesoma, mimi sikusoma. Andika. Kila mbuzi na ukurasa wake, kila siku anayotaka. Kichwa husahau, na watu husingizia."

Mnajua, nilifikiri hilo neno la mwisho alilisema tu.

Bi Zena aliondoka miguu ilipomshinda. Miaka miwili baadaye akaja Bwana Gichuki. Alitoka kwenye kuku. Alikuwa amefuga kuku wa mayai, maelfu, na alijua kuku kabisa, hilo sitamnyima. Aliingia banda la mbuzi wiki ya kwanza, akaangalia juu.

"Mbona hakuna taa hapa?"

"Ya nini, meneja? Usiku wanalala."

"Ndio shida. Kuku nikimpatia taa masaa kumi na sita, anataga kama mashine. Bila taa anazubaa. Mnyama ni mnyama. Tutaweka stima."

Balbu sita zikawekwa. Zinawaka giza likianza kuingia mpaka saa nne. Nyumba yetu sisi wafanyakazi ilikuwa ukuta mmoja na banda, na mwanga ulipita kwenye mianya ya mabati ukachora mistari kwenye kitanda changu. Nikabandika magazeti.

Na nitawaambia jambo ambalo watu wenye hasira hulificha: mwanzoni maziwa yaliongezeka. Kidogo, lakini yaliongezeka. Gichuki akasifiwa. Mwenye shamba akamletea koti.

Halafu mikia ikatulia.

Kwanza nilidhani ni mimi. Muthoni alikuwa mchanga, silali vizuri, nikasema labda siku zinanipita. Nikaanza kupita na kopo mara mbili, asubuhi na saa kumi. Nikabadilisha kitambaa. Nikamleta beberu mwenyewe akasimama upande wa pili wa ua, akainua mdomo, akajikojolea ndevu kama kawaida yao, akapiga kelele za mapenzi ambazo ungeona haya kuzisikia na mama yako. Mbuzi kumi na wawili walikuwa wanacheua. Hawakugeuza hata sikio.

Wiki tatu. Nikangoja. Sita. Tisa. Kurasa za daftari zilikuwa nyeupe, na mimi nilikuwa nikizifungua kila jioni kama mtu anayebonyeza jino linalouma. Maziwa nayo yakaanza kukauka, kwa maana mbuzi ambaye hakuzaa mwaka huu atatoa nini mwaka ujao? Gichuki akaanza kunihesabia. "Mama Muthoni, hawa wasiposhika mimba mwaka huu wanaenda kwa nyama, na wewe unaenda kwenu." Kwetu hakukuwa na kitu. Nyumba ilikuwa ya kazi, maziwa ya mtoto yalikuwa ya kazi. Hiyo ndiyo hofu ya kwanza, na hiyo ilikuwa nyepesi.

Ya pili ilianza kwa Wamuyu, mkamuaji mwenzangu. Nilikuwa namimina chai, kama siku zote, akafunika kikombe chake na mkono.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini saa mbili asubuhi?"

"Nimeshiba tu, Mama Muthoni. Wacha."

Hakuniangalia. Jumapili iliyofuata, kanisani, benchi letu lilikuwa na nafasi kubwa kila upande wangu, na ibada ilikuwa imejaa. Mzee mmoja jirani akataja thahu, ule unajisi wa zamani ambao nilidhani umebaki kwenye hadithi za nyanya: mama anayenyonyesha akipita mahali fulani, mifugo hufunga tumbo. Kuku wa mtu akaatamia mayai yasianguliwe, ikasemekana nilipita hapo. Nilikuwa nimepita hapo kweli. Ndiyo njia ya kisimani! Mama mkwe akatuma neno kutoka Gakindu, kwa sauti nzuri kabisa, ati nikija kumwona nisipitie upande wa zizi.

Baba Muthoni alikuwa huko huko Gakindu, kwenye kiwanda cha kahawa, anakuja mwisho wa mwezi. Nilimuuliza kama anaamini. Alisema, "Mimi siamini." Halafu akasema, "Lakini wewe mwenyewe, uko sawa?"

Basi hapo ndipo hofu iliponiingia mwilini. Kwa sababu sikuwa sawa. Tangu Muthoni azaliwe sikuwa nimeona siku zangu, na mtoto alikuwa amepita mwaka. Nilianza kujiwazia: kama ni mimi? Kama kuna kitu kinanitoka, na mbuzi wamekisikia kabla yangu? Nimesoma mpaka kidato cha nne, nimechora moyo wa chura kwenye mtihani, na bado nilikuwa nikiingia bandani nikijifunika kifua na shuka mbuzi wasinione. Msinicheke. Watu ishirini wakikuogopa kila siku, utajiogopa wa ishirini na moja.

Aliyeniokoa ni Kiwete.

Kiwete alikuwa mbuzi jike wa kumi na tatu. Alivunjika mguu mwaka ambao taa ziliwekwa, na kwa sababu wenzake walimpiga pembe, nilimhamisha kwenye kibanda cha kuni nyuma ya jiko. Hakuna aliyemhesabu, hata kopo sikumpitishia. Kibanda hakina dirisha. Jua likizama, ni giza la ndani ya chungu. Asubuhi moja ya Mei nilikwenda kuchukua kuni, nikasikia mlio. Nikafungua mlango. Mkia ulikuwa unatikisika hivi kwamba mgongo wote unatetemeka. Nilikimbia kuchukua kopo, akaliangusha mkononi mwangu kwa pua.

Nilikaa chini kwenye kuni nikafikiri polepole, kama mtu anayebeba mayai. Kiwete anakula nepia ile ile. Anakunywa maji yale yale. Mimi ndiye ninayemlisha, na mara nyingi nilimnyonyesha Muthoni nikiwa nimeegemea tumbo lake kwa sababu kuna joto. Kama ni maziwa yangu yanayofunga mbuzi, huyu angekuwa wa kwanza. Kitu kimoja tu hakuwa nacho.

Nilimpeleka kwa beberu mwenyewe, nikaandika kwenye daftari, na sikumwambia mtu.

Siku ya soko nilikwenda Karatina kwa daktari wa mifugo, kijana anayeitwa Kariuki, mwenye ofisi nyuma ya soko iliyonuka dawa ya kupe na vitunguu. Nilimwekea daftari mezani, nikamweleza habari ya balbu na ya Kiwete. Alifungua ukurasa mmoja, mwingine, akaacha kutafuna mahindi yake.

"Taa ziliwekwa lini?"

Nikamwonyesha. Nilikuwa nimepiga mstari mwekundu.

"Nani alikwambia upige mstari hapa?"

"Hakuna. Niliona tu."

Akafunga mlango akanieleza, na mimi nawaeleza nyinyi nilivyoelewa. Ndani ya ubongo wa mnyama, katikati, kuna tezi ndogo kama punje. Giza likiingia, tezi hiyo inamwaga kitu kwenye damu, kinaitwa melatonini. Mwanga ukipiga jicho, inafunga. Kwa hiyo usiku ukiwa mrefu, melatonini inakaa muda mrefu. Usiku ukiwa mfupi, muda mfupi. Hiyo ndiyo kalenda ya mbuzi. Chini ya ubongo nako kuna seli chache, chache kabisa, ambazo ndizo zinazotoa amri ya uzazi: zikiamka, zinaituma tezi nyingine, nayo inatuma neno kwenye mayai ya jike. Zikilala, hakuna kinachotembea. Melatonini ndiyo inayosababisha zile seli ziamke au zilale.

"Inazigusa yenyewe?" nikauliza.

"Kuna wapambe hapo katikati, nadhani. Wanaosoma mambo haya bado wanabishana. Lakini matokeo yanajulikana."

"Sasa mbona kuku wanataga na taa?"

Alicheka. "Hapo ndipo meneja wenu aliangukia. Usiku mfupi unamwambia kuku: msimu mzuri umefika, taga. Mbuzi wa Ulaya anabeba mimba miezi mitano. Kule kwao akipandwa siku ndefu za jua atazaa kwenye baridi, mtoto afe. Kwa hivyo yeye anangoja usiku uwe mrefu ndipo atake dume. Neno ni moja, kila mnyama anatii kivyake. Hapa kwetu usiku na mchana ni sawa mwaka mzima, hakuna mtu amewahi kuwaza habari hii. Mbuzi waliishi vizuri. Meneja amewaletea kiangazi cha Ulaya, na hakiishi."

"Na wakirudishiwa giza?"

"Miezi miwili, miwili na nusu. Mikia itaanza."

Niliinuka niondoke, nikarudi. Nilifunga mlango tena. Sijui nilipata wapi uso.

"Daktari, na mimi? Hiyo taa inaingia mpaka kwangu. Na mimi sijaona…"

Hakucheka. Aliangalia meza.

"Unanyonyesha?"

"Mchana na usiku."

"Hiyo peke yake inatosha kuchelewesha. Mama wengi wako hivyo. Habari ya taa na binadamu, mimi sijui, na mtu akikwambia anajua, muulize amesoma wapi. Lakini hakuna kitu kinachotoka kwako kikaingia kwa mbuzi. Hakuna. Mbuzi ndio wameingiliwa na taa, na wewe pia."

Nililia pale, kwenye vitunguu. Aliniandikia barua ya ukurasa mmoja kwa Gichuki: zimeni taa, mngoje siku sabini na tano.

Gichuki aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaitia mfukoni mwa lile koti la zawadi.

"Kijana wa juzi atanifundisha taa? Kuku elfu tatu, Mama Muthoni. Elfu tatu walitaga chini ya mkono huu."

"Meneja, hawa si kuku."

"Na wewe si daktari."

Taa ziliendelea. Nikimwomba miezi miwili, anacheka. Nikizima mwenyewe, anakuja kuwasha. Tangu Mei mpaka Septemba nilimwambia kila wiki, na kila wiki hadithi ya maziwa yangu ilizidi kunona, kwa sababu mtu ambaye hataki kosa lake lazima atafute mwenye kulibeba, na mimi nilikuwa na mgongo ambao tayari una mtoto. Sasa mnajua kwa nini siku ile nilipanda ndoo.

Kesho yake asubuhi lori la nyama likaja. Niliwafungua kumi na wawili mmoja mmoja kwa majina yao, kwa sababu hawakukubali kupanda kwa mtu mwingine. Hakuna aliyekuwa mgonjwa. Wamuyu alisimama kando analia, na bado hakunikaribia. Gichuki akanipa barua ya kuachishwa. Nilipouliza kibanda cha kuni, akasema, "Chukua hiyo kiwete yako muende nayo, zote mbili hamna faida."

Nilikwenda naye.

Wasichana, hiki ndicho ninachowaachia. Fugeni kwa macho, siyo kwa sifa za mwenzenu. Andikeni tarehe. Na mkianza kuogopwa, msingoje mpaka mjiogope wenyewe kama mimi. Nendeni mkaseme, hata kama sauti inatetemeka. Mimi nilikwenda Nyeri mjini, ofisi ya kazi, Jumatatu saa mbili asubuhi. Karani aliniambia niandike kwa ufupi. Hii ndiyo nakala.

*

Kwa Afisa wa Kazi,
Nyeri.

Bwana,

KUH: MALALAMIKO JUU YA BARUA YA KUACHISHWA KAZI

Mimi ni Nyambura, Mama Muthoni, niliyekuwa mhudumu wa mbuzi wa maziwa kwa miaka tisa. Nimeachishwa kazi kwa barua inayosema nimesababisha mbuzi kumi na wawili kukosa mimba "kwa mienendo isiyoeleweka". Mienendo yangu inaeleweka. Nilinyonyesha mtoto wangu.

Naambatanisha daftari langu. Utaona kwamba kabla ya taa kuwekwa bandani, mbuzi wote walitaka dume kwa zamu zao. Baada ya mstari mwekundu hakuna hata mmoja. Daktari wa mifugo alimwandikia meneja sababu yake na dawa yake, ambayo ni kuzima taa. Barua hiyo iko mfukoni mwa meneja. Naomba umwamuru aitoe.

Siombi kurudishwa. Naomba ile barua yangu ifutwe na iandikwe nyingine, yenye mhuri, isemayo kwamba mbuzi walinyimwa giza na kwamba mimi sikufunga tumbo la mnyama yeyote. Naogopa, Bwana. Kwa barua niliyo nayo hakuna atakayenipa ndoo ya kukamulia kutoka hapa mpaka Kagio, na mtoto wangu atakua akipishwa njia kisimani. Naye atajifunza kusoma, aisome barua hiyo.

Mbuzi kumi na wawili wameshachinjwa na hawawezi kunisemea. Amebaki mmoja, ambaye alilala kwenye giza, na ambaye nimemlisha kwa mikono hii hii na kunyonyesha nikimwegemea. Nimemleta. Amefungwa hapo nje kwenye nguzo ya ubao wa matangazo, na kama ameanza kula maua ya ofisi naomba radhi kwa hilo tu. Ana mimba ya miezi minne.

Ukimaliza kusoma, tafadhali toka nje uweke mkono wako tumboni mwake, upande wa kulia, chini. Ngoja kidogo. Atakupiga teke.

Wako,
Nyambura, Mama Muthoni